Hapa Mama Anacheka

Jerono, rafiki yangu,

Mpaka leo mlango wa ofisi yetu ya kupiga taipu ukilia nainua kichwa nikidhani ni wewe. Ijumaa ulilalamika kichwa, Jumapili tukaambiwa umeenda. Malaria gani hiyo, Jero? Mtu aliyekula chapati hapa mezani kwangu, akanicheka ninavyopiga taipu kama kuku anayedonoa? Watu wananiambia pole, najibu asante, lakini akili yangu imekataa.

Sasa sikia. Mama yako alikuja juzi kutoka Moiben, na diski aliyoikuta kwenye mkoba wako. Akasema, "Wambui, fungua hii. Nataka kusikia maneno yangu." Ni ile habari ya maisha yake aliyokuwa akikusimulia jikoni, nawe unaenda kuiandika kule chuoni Kesses kwa kompyuta yenu mpya. Amewaahidi shangazi zako itasomwa Jumamosi, watu wakija kukukumbuka.

Nikaitia kwa mashine yetu, hii kuukuu uliyokuwa ukiiita Nyanya. Jero, nilishtuka. Skrini ilijaa takataka: visura vidogo vinavyotabasamu, mistari, alama za kuuliza, herufi zisizo za lugha ya mtu yeyote. Nikatoa diski, nikaipangusa, nikarudisha. Yale yale. Mama akauliza polepole, "Kwani hata hii imekufa?"

Ndipo nikakumbuka. Kazi yoyote uliyotuletea uliisevu mara mbili. "Moja ya huko, moja ya kwetu," ulikuwa ukisema, kwa sababu programu ya huko ni mpya na Nyanya hawezi kuisoma. Hii uliimalizia Ijumaa ile, ukiwa na homa. Ukasevu ya huko tu. Na sasa chuo kimefungwa, wanafunzi wamerudishwa nyumbani, na askari wa langoni hataki kusikia habari ya diski.

Niliogopa kumtazama Mama. Nikawa nashusha skrini tu, nikishusha, na katikati ya takataka nikaona maneno mazima: ng'ombe mwekundu. Nikayasoma kwa sauti bila kufikiri.

"Huyo alikuwa wa mahari yangu," Mama akasema. Akaanza kusimulia vile ng'ombe huyo alivyokataa kuvuka mto mpaka wazee wakamsukuma, wakaanguka naye majini. Nikapiga taipu haraka. Nikashusha tena: mvua ya mawe. Akasimulia mahindi yote kulala chini, na baba yako kukaa shambani mpaka giza likaingia. Halafu: kiatu kimoja. Huyo ulikuwa wewe, siku yako ya kwanza shuleni. Tuliendelea hivyo mpaka jioni. Mwenye ofisi alikuja kufunga, akaketi kwenye benchi na funguo zake mkononi, akasikiliza.

Halafu, karibu na mwisho, nikakuta mstari uliotoka safi, ndani ya mabano: hapa Mama anacheka.

Nikausoma. Mama hajacheka tangu tukuzike. Akauliza, "Nilicheka nini?"

Nikatazama juu ya mstari, nikatazama chini. Visura tu. Mama akafumba macho, akatafuta. Mengine yote alikuwa ameyakumbuka, mpaka rangi ya kamba ya ng'ombe. Hili halikuja. Akasema, "Jerono ndiye anajua." Kisha akashika ukingo wa meza yangu, na nikamwona akiamini kwamba umekufa. Nami niliamini hapo hapo, Jero. Si kaburini. Hapo.

Jumamosi nitasoma tulichopata. Nikifika kwenye mstari ule nitausoma vile ulivyo, na watu wangoje kidogo.

Lala salama, rafiki yangu. Siku lango la chuo litakapofunguliwa nitakuwa wa kwanza pale na diski yako. Nitaisevu mara mbili, moja ya huko, moja ya kwetu. Halafu nitapanda Moiben nimwambie mama yako alicheka nini.

Wako,
Wambui