Magpai wa Njia ya Mtoni

Wangaratta, Victoria
Oktoba 1990

Mpendwa dada Enid,

Pokea salamu zangu. Natumaini kifua kimepata nafuu na baridi ya Melbourne imepungua. Mimi mzima, ila goti linanisumbua, na moyo ndio usiseme.

Mervyn wangu bado yuko nyumba ya wazee ng'ambo ya mto. Kumbukumbu zinamtoka, lakini nikimmiminia chai asubuhi ananijua. Gari siendeshi, na kwa miguu sifiki. Baiskeli ndiyo iliyokuwa ikinifikisha kila siku.

Sheria ya kuvaa kofia ngumu kwenye baiskeli ilipokuja sikubisha, nilinunua nikavaa. Wasichana wa shule hapa mtaani waliziacha baiskeli kabisa, wakisema heri kupanda basi kuliko kuharibu nywele. Niliwacheka, kumbe na mimi zamu yangu ilikuwa njiani.

Unamkumbuka yule ndege magpai wa kwenye mkaratusi wa njia ya mtoni, ninayemlisha nyama ya kusaga? Akiwa na makinda huwavamia wapita njia wote, mimi huniacha, maana sura yangu anaijua. Mwaka huu aliniona na kofia akadhani ni mgeni. Alinirarua sikio, nikaanguka. Jirani yangu Verna akanicheka, eti nichore macho nyuma ya kofia kama wenzangu, ndege adhani namtazama. Nikachora. Ndege akayadonoa na hayo macho.

Njia nyingine ni barabara ya malori, siithubutu. Basi nikawa naivua kofia nikikaribia mti, nikishapita naivaa. Ndege akawa ananitazama tu, kama zamani. Jambo hilo nilikuandikia wewe peke yako, nikakusihi ulifiche.

Juzi nikamkuta polisi amesimama chini ya mti ule ule. Akaniandikia faini, akaniambia akinikuta tena nitakwenda mahakamani. Nilimuuliza amejuaje. Akaona haya, akasema simu imetoka Melbourne, kwa ndugu anayenipenda sana, anayeogopa nisije nikapasuka kichwa.

Enid, si ungenipigia mimi? Umeniuza, halafu unaita mapenzi. Imeniuma kuliko lile sikio.

Baiskeli iko bandani. Verna hunipeleka kwa gari lake Jumapili tu, na ananiambia nivumilie mpaka makinda waruke. Mervyn hajui kuvumilia ni nini. Kila asubuhi anamwambia muuguzi kwamba mkewe amemtupa.

Namba ya polisi uliipata, ya kule kwa wazee haitakushinda. Mpigie Mervyn, umweleze wewe kwa nini siendi.

Wasalimie wanao. Wao sina ugomvi nao.

Ni mimi mdogo wako,
Dulcie