Neno Analoliruka Sheikh

Suna, Ijumaa jioni, 1993

Leo tena ameliruka. Sheikh wetu, aliyekimbia Ethiopia wakati wa serikali ya kikomunisti, huanza hotuba na "jamaa zangu Waislamu." Hasemi "ndugu" hata siku moja. Mwaka mzima limenikera, nikidhani ni Kiswahili chake tu.

Baada ya swala tulikuwa tukikunja mikeka, nikamuuliza. "Sheikh, kwani neno ndugu limekukosea nini?"

"Aliyenifunza Kiswahili alikuwa Mtanzania," akasema. "Aliniambia kwao watu wa chama huitana ndugu. Kwetu pia chama kilikuwa na neno kama hilo. Waliniita hivyo kila walipokuja kuuliza nani anafundisha watoto Kurani kwa siri."

"Uliwaambia?"

Akaukunja mkeka hadi mwisho, akaufunga kamba. "Nilitaja mmoja."

Nilitamani kujua huyo mmoja alipelekwa wapi, lakini nikaogopa. Nikasema tu kwamba hapa Migori mambo ya chama hayamo. Hapa ndugu ni mtoto wa mama yako, basi.

"Najua," akasema. "Niliyemtaja alikuwa huyo."