Mstari wa Pili wa Wakfu

Jumamosi, 1 Agosti 1959
Nachuma karafuu tangu asubuhi. Tumbili wakiniona wataona haya. Mjomba Faki kaja shambani, kaipapasa mikarafuu mitatu mikongwe kama anayenunua ng'ombe. Anataka kuikata, apate kuni za tanuri la chokaa ya kujengea. Nyumba yake haina kuta. Bibi kakataa. Shamba ni wakfu wa marehemu babu.

Jumapili, 2 Agosti
Zogo.
"Mama, nna watoto sita wanaroa mvua. Wewe wawawekea wasiozaliwa?"
"Na wewe ulikuwa hujazaliwa, Faki, babaako alipopanda."
Sijui nani ana haki. Wale watoto kweli wanaroa.

Jumatatu, 3 Agosti
Karatasi ya wakfu imetolewa sandukuni. Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Bibi hajui kusoma. Mjomba alikimbia chuo cha Kurani kabla yangu. Msomi nani? Mie! Nilifika juzuu ya tatu, bakora ndizo zilizonitoa. Nikakohoa kama kadhi. "Wakfu wa watoto wangu na watoto wa watoto wangu."
Mstari wa pili wino umefifia, herufi zimekumbatiana. Nikakunja karatasi. Nikasema basi, imekwisha.
Mjomba kapiga kofi. "Watoto wa watoto ndio hawa! Wamekwishazaliwa, wana baridi!"
Bibi kakubali, karudisha karatasi sandukuni. Ananiamini.

Jumanne, 4 Agosti
Mashoka. Yote mitatu chini. Harufu ya karafuu mbichi mpaka jikoni. Sikula.

Alhamisi, 6 Agosti
Shehe Hamadi kaja kumpa Bibi pole, kaomba aione karatasi. Ule mstari kausoma moja kwa moja: "maadamu wanazaana, isiuzwe wala isikatwe."
Wanazaana! Yaani haina mwisho.
Mjomba kakaa chini, pale pale mchangani.
"Kombo, mstari huu uliuona?" Bibi huyo.
Niliuona.
"Mbona hukusema umekushinda?"
Niliona haya tu. Muongo mimi. Miti kapanda babu, nimeiangusha kwa kujifanya msomi.

Jumapili, 9 Agosti
Mjomba kaleta miche sita ya mikarafuu. Tumechimba mashimo sisi wawili, Bibi anatuonyesha penye kivuli cha migomba. Itazaa nami nshakuwa na ndevu.
Nimemwomba radhi mwanangu, ambaye hata mamaake simjui. Kwa sauti, kama mwehu. Mjomba kasikia. Kanisogezea kata ya maji.