Kikoti cha Bega Lililoshuka

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na kabla ya yote niambie hali yako. Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima kama kawaida yako? Shemeji na mapacha hawajambo? Mimi napumua. Mguu umevimba tena, lakini nakula na nalala, kwa hiyo usianze kunihurumia.

Wiki tano sasa tangu tumzike mama. Nyumba imekuwa kubwa mno. Kila asubuhi nachemsha chai ya watu wawili, kisha nasimama na kikombe cha pili mkononi nisijue nikipeleke wapi.

Kwenye simu uliniuliza kama mama aliondoka akiwa bado na kinyongo nawe. Nilikata simu, ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Jibu lako lilikuwa kabatini kwangu, nami sikutaka kukupa. Lakini mficha uchi hazai, basi leo nakueleza yote.

Unajua kiharusi kilimchukua mkono wa kulia na ulimi. Fundi cherehani wa miaka arobaini, mkono umelala tu juu ya shuka! Akawa anasikia baridi mabegani. Shali haikai kwa mtu aliyelazwa, na sweta lilitaka ainue mkono. Nikaona nimshonee kikoti kifupi, kile kisicho na vifungo, cha kufunika mabega na mikono tu. Karatasi za kukatia zilikuwa ndani ya jarida la ushonaji. Nikafuata kipimo kikubwa kuliko vyote, nikakata kitambaa cha sufu cha kijani.

Nilipomjaribisha mara ya kwanza, kikiwa kimepigwa bandi tu, ule mshono wa muda, kilijikunja nyuma ya shingo na kumbana makwapa. Nikashusha makwapa, nikaongeza upana wa mgongo, na mara ya pili kikamkaa sawasawa. Nilijisifu, nakwambia. Yeye akaashiria nimvue, akanyoosha mkono wa kushoto kutaka chaki.

Akachora mistari mipya, yote kwa ndani. Mabega akayapunguza vidole viwili, mikono akaifanya myembamba, na bega la kushoto akalishusha kidole kizima chini ya la kulia. Nikajua akili imeanza kumtoka.

“Mama, humu hutaingia,” nikamwambia.

Akagonga kitambaa kwa chaki, vilevile alivyokuwa akitugonga vidole tulipoharibu pindo. Basi nikashona. Kesho yake akachezesha vidole viwili mithili ya mkasi: nikate na ile akiba ya kitambaa inayobaki ndani ya mshono. Hilo lilinishangaza, maana yeye ndiye aliyetufundisha kuacha akiba, kwamba mwili wa mtu hautabiriki. Nikaikata yote.

Mjomba ndiye aliyeng'amua. Alikuja kumwona mgonjwa, akakiinua kikoti dirishani, akacheka mpaka akapaliwa.

“We fundi gani usiyejua mwili wa mdogo wako? Bega la Chiriku hili! Siku ile alipoanguka ukutani akavunjika mtulinga, nani alimbeba mpaka hospitali kama si mimi?”

Nikamgeukia mama, nikamuuliza kama ni chako. Ule upande wa uso uliobaki na uhai ukacheka, na machozi yakamtiririka mpaka sikioni. Miaka saba hakutaka jina lako litajwe humu ndani, tangu asubuhi uliyosusa cherehani ukaondoka na shemeji bila kuaga. Kumbe uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Vipimo vyako vyote alikuwa navyo kichwani. Siku ya nne akafariki.

Sasa nikueleze langu. Niliona gere, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemwosha, nikamlisha kwa kijiko, nikamgeuza ubavu huu na huu. Mguu huu umevimba kwa kusimama pale kitandani. Halafu kazi ya mwisho ya mkono wake ikawa yako wewe, uliyekuwa mbali. Siku kumi baada ya mazishi nilikifumua chini ya makwapa nikipanue, kinienee mimi, nawe nikwambie mama hakuacha kitu. Hapakuwa na kitambaa cha kupanulia. Sijui kama aliniona nitakavyofanya, ndiyo maana akanikatisha ile akiba. Naogopa kulifikiria hilo, na nalifikiria kila siku.

Nilikaa sakafuni na vipande vile nikalia kama mtoto. Nilipochoka nikavishona tena, juu ya mstari uleule.

Kikoti ndicho hicho ndani ya kifurushi. Hakuwa na kinyongo tena, jibu lako ndilo hilo. Mimi swali langu la ile akiba sina wa kumuuliza. Ikiwa umenenepa kinakubana, usimlaumu, alikupima kwa mwili ulioondoka nao. Na ukiona safu ya vitundu vya sindano karibu na mshono chini ya makwapa, usidhani ni kasoro ya kitambaa. Ni mimi. Nisamehe ukiweza, na usipoweza, niandikie hivyohivyo.

Mjomba anakusalimu sana, anauliza lini utamletea mapacha awaone kabla macho hayajamzimikia. Jirani yetu muuza vitambaa naye anakupa pole. Nibusie watoto, mpe mkono shemeji. Mungu awafunike nyote, awape usingizi usio na mawazo.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda hata nilipokuwa nafumua,

Dada Mkubwa