Bulete za Kondoo kwa Wakwe

Jumanne, tarehe 17 mwezi wa munane

Mutoto yangu Prince amepiga simu! Jamaa ya Umwali, muchumba wake, watakuja Jumamosi. Hapa kwangu, Muheto! Wanataka kuona nyumba ya mama mukwe wa binti yao. Papa Kanyamibwa, baba ya Umwali, na ndugu zake. Nikauliza: wangapi? Prince anasema, Mama, wewe pika tu. Yeye iko Kitshanga na pikipiki yake, hajui sufuria inawekwa wapi.

Umwali ameomba bulete, nyama ya kuviringa. Zile za kondoo, alizikula hapa Pasaka akalamba vidole. Nilijifunza kuzitengeneza kwa masera, watawa wa misioni, wakati bwana yangu Hilaire alikuwa angali hai. Bon, sawa. Lakini kondoo niko naye mumoja tu.

Nilisema ndiyo mbele ya kufikiri.

Nimefagia nyumba, kisha nimefagia tena. Nani aliichafua? Hakuna muntu.

Jumatano, tarehe 18

Nimeita kaka yangu Magloire kwa simu, kule kwetu Walikale. Siku kama ile, inafaa muntu wa upande wetu asimame asalimie wageni. Mimi peke yangu nitasimama namna gani? Watu wetu wote wako kule chini, mu pori. Hapa kwenye vilima mimi ni «ule mama wa Walikale» tu. Nimezika bwana yangu hapa, na bado ni ule mama wa Walikale.

Magloire anasema barabara imeoza, malori yamezama mu matope. Anasema: tutaona.

Ninajua ile tutaona! Aliisema vilevile wakati wa maziko ya Hilaire. Maziko yakapita.

Nimepelekea kondoo majani. Mama ya huyu kondoo, Hilaire njo aliinunua. Ikakufa wakati wa mvua, na huyu mudogo nikamulea na biberon ya maziwa, ndani, karibu na moto wa mbabula. Mupaka leo ananifuata hata nikienda chooni. Nikamuambia: Magloire hatakuja. Akatafuna. Afazali yeye, hakuniambia tutaona.

Alhamisi, tarehe 19

Hakuna habari ya Magloire.

Nimenunua mukate na nyanya. Sikumuangalia kondoo mu macho.

Ijumaa, tarehe 20

Jirani Déo alikuja na kisu asubuhi. Nikasema ninaenda kusali. Uongo! Nilikaa nyuma ya jikoni, nikamenya kitunguu saumu na kuimba kwa nguvu, nisisikie. Nilimenya nyingi kupita. Itaingia yote.

Muke wake Bénédicte alinisaidia. Mashini ya kusaga hatuna, tukakata-kata nyama kwa visu viwili juu ya ubao mupaka ikawa laini kama ugali. Kisha tangawizi, pilipili, majani ya sereli, muskade, ile kungumanga, kidogo ya kukwangua, mukate uliolowana mu maziwa, yai. Unalowanisha mikono, unaviringa. Unakaanga, unazitia mu supu ya nyanya, moto mudogo. Kama masera walivyonionyesha.

Bénédicte aliuliza kama wakwe wanakula kondoo. Kwani nini? Akasema, wazee wa kwao wa zamani hawamugusi. Wanasema kondoo ni amani ya ng'ombe, anatembea nao, haikuliwi. Eh! Lakini vijana wanakula, na Papa Kanyamibwa mwenyewe Prince anamuona sokoni na mishikaki ya kondoo mukononi. Basi, tukacheka.

Alipoenda, nikaonja moja. Nilifikiri sitaweza. Iko tamu! Nikalia. Nikakula na ya pili.

Kamba ya kondoo ingali imefungwa pale kwenye muti. Nitaitoa kesho.

Jumamosi, tarehe 21, asubuhi

Mesaji ya Magloire: «Pole dada. Barabara.»

Njo hiyo tu. Nimeweka kiti chake hata hivyo, pembeni ya changu. Nisikae kama muntu ambaye hana kwao.

Jumamosi, mchana

Niko mu chumba. Nimesema ninabadilisha kitenge. Acha niandike kwanza.

Wamefika. Na Papa Kanyamibwa amekuja na mama yake! Hakuna aliyenijulisha. Koko Emérita, kama wajukuu wanavyomuita, muzee kabisa, fimbo mukononi. Hakukaa mu saloni ya wageni na wengine. Alikuja moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza: wewe ni mutoto wa nani? Mama yako aliitwa nani?

Mungu wangu. Toka nifike huku hakuna muntu aliniuliza jina la mama yangu.

Nikamuambia. Nikamuambia na mambo ya pori, na mvua ya kwetu, na Hilaire. Aliuliza watu wangu wako wapi. Nikasema, barabara. Hakusema pole. Alisema: basi leo mimi nitakaa upande wako, mutoto yangu.

Mutoto yangu! Mimi na mvi zangu hizi. Niligeukia supu, nikaikoroga bure tu.

Kweli akaenda kukaa mu kiti cha Magloire. Bénédicte akagawa sahani. Hapo Prince akaingia jikoni, uso umebadilika. Mama, Koko hakuli kondoo. Hajakula toka azaliwe. Hata kijiko kilichogusa supu ya kondoo hawezi kukitia kinywani. Umwali njo amemukumbusha Prince sasa hivi — sasa hivi! — na sahani iko mbele ya muzee tayari.

Nikasema, tuiondoe. Prince akasema apana, watauliza kwa nini, itakuwa haya, labda atasimama aende, na akisimama yeye wote watasimama. Ndoa itakwisha hapo. Sema ni mbuzi, Mama. Na ile pilipili yote, nani atajua?

Hakuna atakayejua. Ni kweli. Nilizitia viungo vizuri sana.

Lakini kwetu, jamaa ya papa yangu haikuli kakakuona. Siku moja rafiki yake alimupa, akamuambia ni nyama ingine. Papa alikula, akashukuru. Walipomuambia walikuwa wanacheka. Mupaka kufa kwake hakunywa tena hata maji mu nyumba ile. Alikuwa anasema: si juu ya nyama. Nilikuwa nimemushukuru!

Na mutoto yangu Prince, je? Anamupenda huyu binti. Na kondoo yangu, nimuite mbuzi? Ni kila kitu nilichokuwa nacho. Na mimi mwenyewe? Koko akienda, nani tena ataniuliza jina la mama?

Prince anagonga. Mama, wanakungojea. Koko amekataa kuanza bila wewe. Amesema mutakula sahani moja.

Ninamusikia kutoka hapa, sauti yake ndogo: mutoto yangu iko wapi?

Nimefunga kitenge. Mikono ingali inanuka kitunguu saumu. Nitaanza kwa kuondoa ile sahani mbele yake, nimuambie ni nini, mbele ya wote. Kisha nitakaa pembeni yake, kama atakubali—

Ananiita tena.