Vibao Vinne vya Adelina

Ukonga,
Dar es Salaam.
Jumanne, 11 Juni 2024

Mpendwa Kaka Deogratias,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepoa. Wifi Anna mzima? Na mikorosho yenu inaendeleaje? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Ni hili goti langu tu linalojifanya la bibi kizee, nalikaripia na tunaendelea.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Jambo lenyewe ni refu, na wewe ukiwa unachonga unaitikia tu “ehee, ehee” huku husikii kitu. Basi nimempa barua hii Leonardi, kijana wa mwenye nyumba wangu, anayekuja Newala kwa basi la kesho. Weka kazi chini, uisome umekaa.

Adelina wetu ametimiza miaka kumi na minane. Unajua kuwa tangu ana miaka saba nilikuwa nampitisha alfajiri kwenye kile kituo cha watoto Temeke, na kumchukua jioni nikitoka kazini. Sasa amekuwa mtu mzima, hawaruhusiwi kuendelea naye. Bi. Chausiku, afisa ustawi wa jamii wa kwetu, alihangaika weee mpaka akapata nafasi kwenye kituo cha vijana kule Kimbiji. Wanalala hukohuko, wanafundishwa kusuka mikeka na kufuga kuku, na walezi wamezoea viziwi wasioona.

Ila kuna sharti. Kijana anapokelewa kwa majaribio ya wiki sita. Akitulia anabaki, asipotulia anarudishwa nyumbani na nafasi anapewa mwingine. Na maisha yangu unayajua: gizagiza niko njiani kwenda Kurasini kuwapikia madereva wa makontena, na kurudi ni jua limezama. Mtoto asiyesikia wala kuona angeshinda chumbani peke yake, akipapasa ukuta hadi nirudi. Kaka, niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nimefiwa na mume.

Bi. Chausiku alileta fomu za kumhamisha, kurasa kumi na moja. Waliuliza uzito, chanjo, dini, hata namba ya viatu. Kuhusu namna ya kuongea naye waliacha mstari mmoja tu. Nikaandika: “Ana vibao vyake.” Nikaona nimemaliza.

Vibao vyenyewe ni vile ulivyomchongea wewe, macho yalipozima kabisa. Chenye kijiko ni chakula, chenye kikombe ni maji, chenye gurudumu ni safari, chenye kitanda ni kulala. Ukimwekea kijiko kiganjani, anapitisha kidole na kujua chakula tayari. Naye akitaka maji anakutafuta hadi akufikie, anakuwekea kikombe mkononi. Miaka sita sasa hayo ndiyo maneno yetu.

Sasa hapa naomba usinikasirikie. Vile vibao vilikuwa vimekuwa vyeusi kwa jasho, pembe zimetafunwa, kimoja kina ufa. Niliona aibu mtoto wangu kwenda kwa watu wageni na vitu vichafu namna ile, watasema katoka nyumba gani. Nikampelekea Allen, fundi samani wa hapa mtaani, akavipiga msasa na kuvipaka vanishi mara mbili. Viling'aa, kaka! Picha zilionekana vizuri kuliko siku ulipomaliza kuchonga, samahani lakini.

Tulimpeleka tarehe 29 Aprili. Siku ya tatu nikapigiwa simu: hali, hanywi ila uji wa kulazimishwa, akipewa kibao anakitupa. Wakadhani anataka nyumbani. Mimi pia nilidhani hivyo, na kwa siri, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda.

Mlezi wake anaitwa Mwalimu Mfaume, mzee wa Kimbiji hukohuko, naye haoni tangu ujana wake. Nilimkuta amekaa na vibao vyote mapajani, anavigeuzageuza.

“Mama Adelina,” akaniambia, “mie naambiwa hapa kuna vibao vinne. Mbona mkononi napata kimoja tu? Mmevifanyaje?”

“Nimevipendezesha, Mwalimu.”

Akacheka mpaka akakohoa. “Ee dada yangu, umemfutia mtoto maneno yote!”

Nilishika kimoja, nikafumba macho. Kweli, vanishi ilikuwa imeziba michongo, kibao laini kote na kinateleza kama sabuni. Gurudumu lako halikuwepo, kijiko hakikuwepo. Mimi mtoto wa mchongaji, dada wa mchongaji, nimelelewa kwenye vumbi la mpingo, nikavitazama kwa macho yangu na kusahau kuwa mwenyewe havitazami. Niliona haya sana, nikalia mbele ya watu.

Newala ni mbali na mtoto hataki kula. Kwa hiyo nilirudi nyumbani, nikatoa patasi kabatini, kesho yake nikarudi Kimbiji. Ndiyo, ile patasi ndogo ya marehemu baba mliyoitafuta baada ya msiba ninayo mimi, acheni kumsingizia ndugu yetu Benjamin. Nilikaa barazani kwao nikachonga upya, Mwalimu Mfaume akipima kwa kidole: “Zidisha hapo. Zidisha. Haya, hapo naona.” Kijiko changu kimetoka kama jembe, na kitanda kina miguu mitano. Usicheke. Au cheka, lakini usimwonyeshe mtu.

Adelina alivipokea kimoja kimoja. Akanusa, akapitisha kidole, akarudia. Halafu akapapasa hadi kwa Mwalimu Mfaume na kumwekea lile jembe langu mkononi. Alikula ugali na dagaa sahani mbili, akaomba maji kwa kibao chake. Nilishindwa hata kumpigia mtu simu, nikabaki nimekaa tu nikimtazama anavyotafuna.

Tangu hapo ametulia. Anasuka, ana shoga yake anaitwa Eliaichi anayemfundisha kulisha kuku, na amenenepa. Jumapili hii nilikwenda tena, siku moja kabla ya majaribio kwisha. Tulishinda wote vizuri. Jioni nilipomgusa bega kumuaga, akatoa vibao mfukoni, akachagua gurudumu, akaniwekea kiganjani.

Safari. Nikasema basi, anataka nyumbani, yote yameishia hapa. Nikamshika mkono kuelekea mlangoni. Akagoma. Akanikunja vidole juu ya lile gurudumu, akanisukuma taratibu mgongoni, kisha akachukua kibao cha kitanda na kukirudisha mfukoni mwake. Mwenye safari nilikuwa mimi, kaka. Yeye analala pale.

Jana Bi. Chausiku ametia sahihi. Amebaki. Nina furaha, na nyumba imekuwa kimya hadi nimejifunza kuwasha redio.

Sasa ombi langu. Njiani nikirudi nimegundua kuwa mtoto huyu hana kibao cha kusema mama. Hatukuwahi kukihitaji, kila jioni nilikuwepo. Nichongee cha tano, mjomba wake, nimwachie ili siku akinitaka awe na cha kumpa Mwalimu, na Mwalimu anipigie. Chonga sura yangu unavyonijua, makovu yote uyaweke, goti tu uliache. Na usikipige msasa.

Nisalimie sana wifi Anna, Salma na watoto wake, na shangazi Anjelina. Benjamin mwambie dada yake anamwomba radhi, sababu ataielewa akishaona patasi, ninayokuletea Krismasi. Mungu akulinde, aijalie nguvu mikono yako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Marietha, Mama Adelina