Nimempigia simba kengele

Bev usinipigie, sauti haitoki. Niko job, nimejifungia kwa choo.

Leo si ndio nimeanza kukuja na baiskeli, vile ulinisukuma? Nikavuka mto, nikachukua ile njia ya mkato ya kwa nyasi. Jua ndio linatoka. Mbele nikaona ndama amelala katikati ya njia.

Nikapiga kengele. Bev, NIKAPIGA KENGELE! Tena na tena, kama boda boda wa Busia.

Akainua kichwa. Si ndama. Ni SIMBA.

Nikafunga breki. Nikasikia mtu ananiambia, "Mama, shuka polepole. Usikimbie. Usimpe mgongo." Kumbe ni Kuntai, yule hutuletea maziwa kwa ploti, yuko na ng'ombe zake hapo kando.

Nikashuka, nikajificha nyuma ya baiskeli. Ati baiskeli!

Simba akaamka, akajinyoosha, akaingia kwa nyasi kama mwenye shamba.

Nikaanza kulia nikimwambia Kuntai asante. Hata hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, kule nimetoka.

Akaniuliza, "Na hao wawili wamekufuata kutoka mtoni, mbona hukuwapigia kengele?"